Harusi ya Maua Yasiyonukia

Iko siku moja, mwanangu, hainitoki moyoni hata nikiwa na shughuli chungu nzima. Duka ndo kwanza limefunguliwa, mie nimeinama kwenye ndoo nakata miiba ya mawaridi, mara ikasimama gari nyeusi mlangoni. Akashuka mama mmoja mtu mzima, akatoa salamu, akauliza: "Hapa ndipo kwa Bi Ghaniya, mtunga vikuba?"

Wakati huo mie kijana, sijafika thelathini, damu inachemka. Leo nimezeeka, nnakaa Ansab, hapa hapa Muscat, na wajukuu, na magoti hayataki tena khabari za ngazi. Lakini mikono bado inafanya kazi, alhamdulillahi, na bado naitwa nikapange maua ya harusi za wakubwa na karamu za wageni wa serikali. Vijana wananiuliza, "Bi Zuwena, siri ni nini hata ukaaminiwa na nyumba za kifalme?" Wanadhani nitawatajia namna ya kukata kijiti, au rangi gani ikae na rangi gani. Hayo yanafunzika, na mwenye macho atayapata. Mie nataka nikuhadithie lile lisilofunzika kwa mkasi. Kaa kitako, chai iko.

Duka letu lilikuwa Wattaya, baina ya maduka ya magari. Mtu akishanunua gari bila ya kumshauri mkewe, akitoka hapo hupita kwetu kuchukua shada, apate pa kuanzia maneno. Mwenye duka ni huyo Bi Ghaniya, mjane wa Kiunguja kama wazee wangu, mfupi, sauti yake kubwa kuliko kimo chake. Alianzia nyumbani kwake, anatunga vikuba, vile vishada vidogo vya asumini na mrehani na kipande cha ua la mkadi, ambavyo wanawake wa kwetu hubana kifuani wakenda harusini. Vikuba vikampa jina, na jina likampa duka. Mie alinichukua sijui kushika hata kisu, akanifunza kazi, na kazi ikanikaa mkononi.

Basi yule mama wa gari nyeusi alikuwa msimamizi wa nyumba ya Sayyida mmoja, ndivyo waitwavyo wanawake wa ukoo wa kifalme. Binti wa Sayyida anaolewa. Harusi ya wanawake itakuwa Bustan, kwenye ukumbi wa ile hoteli kubwa, na Sayyida amesema maua yote yatoke kwa Bi Ghaniya, si kwengine. Bi Ghaniya alishukuru, akamkaribisha kahawa, na alipoondoka akanigeukia: "Hii ni yako. Miguu yangu haiwezi tena kuzunguka ukumbi. Utachora wewe, utasimamia wewe. Mie nitakukosoa." Mwanangu, siku ile nilitembea kama nisiyekanyaga chini.

Tulipokwenda kumuona Sayyida, alitupokea mwenyewe, akazungumza na sisi Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. Mama yake aliishi kule miaka mingi kabla ya kurejea Oman, na alikuwa hatoki bila ya asumini.

"Mama akipita ukumbini, utamjua kabla hujamuona," Sayyida alituambia. "Kabla hajafa nilimuahidi kwamba mjukuu wake ataolewa ndani ya asumini. Sitaki ukumbi uliopambwa asumini. Nataka ukumbi wenyewe uwe asumini."

Nikachora. Kosha, yaani jukwaa anapokaa bibi harusi, niliichora ikiwa na pazia zima la makoja ya asumini, kutoka darini mpaka sakafuni, na mawaridi yanayonukia chini yake, na mirehani pembeni. Tukaagiza asumini kwa wenye mashamba wa Batina, na nyengine zije kwa ndege kutoka India. Tukawapanga kina mama wa majumbani waliojua kutunga. Bi Ghaniya akaitazama picha yangu, akasema tu, "Nzuri." Kwake yeye neno hilo lilikuwa kama mwengine kukupigia vigelegele.

Sayyida alitaka kuona mfano kwanza. Tukaenda kusimamisha kipande cha pazia kwenye baraza yake ya ndani. Alipoingia na ile harufu ikampiga, alikaa kwenye kiti, akatokwa na machozi. "Mama," alisema, akiwa hamsemeshi mtu. Kisha akaamrisha binti yake aitwe.

Jina lake la kweli sitalitaja, tumwite Raya. Alikuja msichana mrefu, mpole, uso wake unafanana na wa mama yake. Akasimama mbele ya pazia. "Mashallah, mama, uzuri ulioje." Akakohoa kidogo, akacheka, akasema kuna mtu anamngoja kwenye simu, akatoka. Mie nikakumbuka nimesahau kamba garini, nikatoka pia.

Nilimkuta kwenye ujia wa nyuma. Bibi harusi kakaa kwenye ngazi, mabega yanapanda na kushuka, pumzi inatoka na mluzi kama birika linalochemka, na mkononi kashika ile dawa ya pumu ya kupuliza mdomoni. Nilipiga magoti mbele yake, sijui nimshike, sijui niite watu. Akanizuia kwa mkono. Akavuta dawa, akangoja, akavuta tena. Rangi ikamrudi pole pole.

"Usimwambie mama," lilikuwa neno lake la kwanza.

Akanieleza. Pumu alikuwa nayo tangu utotoni. Ikatulia, na mama yake akaamini imekwisha, na yeye alipoona imerudi hakutaka kumtia mama simanzi, maana bibi yake alikuwa ndo amekufa. Kinachomuanza zaidi safari hii ni asumini, ambayo utotoni haikumdhuru, halafu moshi wa udi. "Nitakaa pale juu kitambo tu. Nitavuta dawa kabla sijaingia. Itapita, inshallah. Mama alimuahidi bibi. Mimi niwe wa kumvunjia ahadi na marehemu? Naomba uniahidi, Zuwena."

Nikamuahidi. Na nikuambie ukweli wa moyo wangu, mwanangu, nilitoka pale nimevimba kichwa. Binti wa nyumba ya kifalme kanishika mkono, kanitaja kwa jina langu, kaniwekesha siri yake! Njia nzima mpaka Wattaya nilikuwa najiona mtu.

Bi Ghaniya hakuwa mtu wa kufichwa uso. Alinitazama mara moja tu. "Una nini?"

"Nimeaminiwa, Bi Ghaniya."

"Umeaminiwa nini?"

Nikamsimulia, nikidhani atanisifu kwa uaminifu. Alikuwa anasafisha vijiti vya mrehani. Akaweka kisu chini, akafuta mikono, na sauti yake siku ile ikawa ndogo, jambo lililonitisha zaidi kuliko ukelele wake wote.

"Zuwena, sikiliza. Siri ya aibu hufichwa, mtu akasitirika. Siri ya pumzi haifichwi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, au hilo hukulisikia kwenu? Na kifo hakiulizi ukoo. Utamzungushia mtoto wa watu kitu kinachomziba kifua, ukumbi umefungwa milango, wanawake wamejaa, udi unafuka, halafu useme nilipamba vizuri? Wewe unatunga koja au unatunga kitanzi?"

Machozi yalinitoka. Nikajitetea, kama vijana mnavyojitetea: "Wale wakubwa, Bi Ghaniya. Mie nani wa kuwaambia?"

"Ukubwa ni jaa, mwanangu. Kila mtu anatupa humo alicho nacho, huyu sifa, huyu shida yake, huyu uwongo. Wa kuwapelekea kweli ndo hayuko. Unadhani ile ni raha? Mama anapanga harusi, na ndani ya nyumba yake hakuna hata mmoja wa kumwambia mtoto wake hapumui."

"Basi nimpigie simu Sayyida sasa hivi."

"La!" Hapo ukelele ulirudi. "Utatoka shimo moja uingie jengine. Mtu amekuwekesha neno, nawe uende ukamseme nyuma ya mgongo wake? Hata ukisema kwa kheri utakuwa umemvunja. Rudi kwake yeye. Mpe nafasi aseme mwenyewe. Akikataa, mwambie wazi kwamba hutampambia asumini. Kwa adabu, lakini wazi."

Nikamuuliza, na tukinyang'anywa kazi je? Jina la duka je? Akaokota kisu chake. "Humu ndani maua yanakufa kila siku na duka halijafa. Nenda."

Usiku ule sikula. Asubuhi nilikwenda. Njiani nilitunga maneno mazuri, na nilipofika yote yalinitoka. Raya alinipokea kwa bashasha, akidhani nimeleta rangi za vitambaa. Nikamwambia: "Sayyida, sitaweka hata ua moja la asumini kwenye kosha yako mpaka mama yako ajue. Sitamwambia mie. Utamwambia wewe, na ukitaka nitasimama nyuma yako."

Bashasha ikaondoka usoni. "Nilikuamini."

"Ndiyo maana nimerudi kwako."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Nnajua. Na njiani nusura nirudi nyuma."

Akenda akasimama dirishani, kanipa mgongo. Mie nikawa nahesabu kwamba kazi imekwenda, na labda na duka. Baadaye akasema, bila ya kugeuka, "Nikimwambia atalia."

"Atalia," nikamjibu. "Lakini atalia wewe ukiwa unapumua."

Sijui neno lile lilitoka wapi, halikuwa katika niliyoyatunga. Aligeuka, akafunga mtandio wake vizuri, akasema, "Twende. Na wewe usiniache."

Sayyida alikuwa barazani, karibu na lile pazia la mfano ambalo bado halijaondolewa. Raya alimuomba watoke nje kwenye bustani, na huko akamwambia yote, mfululizo, kama mtu anayekunywa dawa chungu kwa mkupuo mmoja. Sayyida alisikiliza mpaka mwisho. Akanigeukia mie kwanza.

"Ulijua?"

"Tangu jana, Sayyida."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Mwalimu wangu akanikaripia, nikarudi."

Akamgeukia binti yake, akamshika uso kwa mikono miwili. "Mimi nakutisha kiasi hicho? Unaogopa machozi yangu kuliko mauti yako?" Raya alitaka kusema habari ya ahadi ya bibi. Mama yake hakumuacha amalize. "Bibi yako ndiye aliyekuwa akikukanda kifua kwa mafuta ulipokuwa mdogo, na mtu akikohoa tu, yeye ameshasimama. Angekuwapo leo, zile asumini angezing'oa kwa mikono yake."

Na mwanangu, kile alichokifanya baada ya hapo sijapata kukiona tena kwa mtu wa cheo chake. Aliingia ndani, akapandisha mikono ya nguo, akaanza kulivua lile pazia koja moja moja. Watumishi wakakimbilia, akawazuia. Aliniruhusu mie tu nimsaidie. Alikuwa analia na anavua, analia na anavua. Mie niliyelitunga nikalia naye, maana lilikuwa zuri, sitakuongopea. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Siku za harusi zilikuwa zimekaribia, na hatuna tena picha ya kosha. Daktari wa nyumba yao aliitwa, akampa Raya dawa za kutuliza kifua, akatueleza ya kuepuka, akasema hata maua mengine yasiyonukia lazima yajaribiwe pole pole. Raya akasema atakuja dukani mwenyewe. Basi ukawaone watu wa Wattaya! Bi Ghaniya alitoa nje kila kitu chenye harufu, ndoo zimejaa kando ya barabara, milango wazi, jirani zetu wauza magari wanadhani tunahama. Ndani, binti wa kifalme kakaa kwenye kiti cha plastiki, na Bi Ghaniya kasimama mbele yake na ua moja moja.

"Sogeza uso. Kifua kimebana? Kweli? Usinifiche, mie si mama yako. Haya, hili lipite."

Raya alikuwa anacheka mpaka anafuta macho. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu posa yake kuifurahia harusi ile. Tulipata okidi nyeupe, tukapata matawi ya komamanga yenye matunda yake, na makuti machanga ya mtende, ambayo Bi Ghaniya aliyasuka kama ukili wa mkeka wa Kiunguja. Kosha ikawa nyeupe na kijani, na yale makomamanga mekundu yananing'inia kama taa. Haikuwa picha yangu ya mwanzo. Nilipoiona imesimama nikajua nisingeweza kuiota peke yangu.

Siku yenyewe, wageni waliingia ukumbini wakashangaa. Hakuna udi mlangoni, hakuna asumini. Minong'ono ikaanza, si unatujua. Harusi gani hii haina hata chembe ya udi? Sayyida alisimama pale mlangoni, na kila mgeni aliyeuliza, na hata wasiouliza, aliwaambia kwa kinywa chake: "Mwanangu ana pumu. Udi tumeuacha kwenye majlisi ya wanaume." Hakuona haya. Na mie niliyekuwa napita kunyunyizia maji majani, nilimsikia bibi mmoja akimwambia kwa sauti ya chini, "Na wangu mimi anayo. Nilikuwa sisemi." Mwengine akasogea akauliza jina la daktari. Mficha uchi hazai, mwanangu, na anayefunua kwa wakati wake huwafungulia na wenziwe.

Raya alikaa juu ya kosha muda wote, anacheka, anapumua, anapokea mikono ya watu. Dawa yake aliishika bibi mdogo wa upande wa mama, wala haikuhitajika.

Utaniuliza, na zile asumini zilizokwisha kuagizwa? Hazikutupwa. Bi Ghaniya na kina mama wake walizitunga vikuba. Bibi harusi alipokwisha kuondoka na mumewe, ndipo masanduku yalipofunguliwa kwenye mlango wa nje, na kila mwanamke aliyetoka alipewa kikuba chake aende nacho nyumbani. Sayyida alikuwa wa mwisho. Nilimpa chake mwenyewe mkononi. Alikinusa akasema, "Mama leo amelala katika kila nyumba ya Muscat."

Bi Ghaniya ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Raya ana watoto wakubwa, na pumu yake anaishi nayo vizuri kwa sababu haifichi. Ile nyumba haijaacha kuniita, kwa harusi na kwa hafla zao zote, na waliniunganisha na nyumba nyengine. Siku moja nilimsikia Sayyida akinisifia kwa simu kwa jamaa yake. Hakusema ninapanga vizuri. Alisema, "Mchukue huyu, atakwambia kweli." Basi. Hilo ndilo lililonilisha maisha yangu yote.

Sasa nikuusie. Utafanya kazi na wakubwa, ikiwa ya maua, ya kalamu au ya uganga. Watakuambia wanalolitaka, nawe walisikilize na ulitimize kwa uzuri wote uliopewa na Mola. Lakini ukiona katika lile walitakalo mna madhara, usijifunike kwa neno la "mie nani?" Khofu ikivaa nguo ya adabu, ivue. Adabu ya kweli ni kumpa mtu khabari inayomfaa, kwa sauti ya chini, mahali pa faragha. Mtu akikuwekesha siri inayoweza kumuangamiza, usiitangaze na usiikalie. Rudi kwake, umshike mkono, umsindikize mpaka kwa anayempenda. Na ukikaripiwa na mkubwa wako kama nilivyokaripiwa mie, lia kidogo ukitaka, kisha uinuke uende. Karipio la anayekutakia kheri ni riziki, ila huja kavu, halina mchuzi.

Na kazi ikikuponyoka kwa sababu umesema kweli, usijutie. Nimeishi vya kutosha kukwambia kwamba mlango mmoja haufungwi ila mwengine umefunguliwa.

Nenda, mwanangu, Mola akupe ulimi mlaini na moyo usiotetereka. Akuzungushie watu wa kukurekebisha, na akupe masikio ya kuwasikia. Mikono yako isimguse mtu ila kwa manufaa yake, na kila nyumba utakayoingia, wenyewe wafurahi kuwa ulifika. Amin, ya Rabbi.